Baba Madawati na Dawati la Mwanawe

Ndugu zangu, tulieni kidogo niwasimulie. Mimi ni mama mjane, masomo yangu yaliishia shule ya msingi, na cherehani ndiyo inayonilisha. Maneno makubwa sina. Lakini baraza yangu inatazamana na karakana ya seremala, na mkaa barazani huona mengi kuliko mpita njia. Haya ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe, na kila nikiyakumbuka moyo wangu humtukuza Mungu na kutetemeka kwa wakati mmoja.

Asubuhi yenyewe ilikuwa tulivu. Kitongoji chetu kiko pembezoni mwa mji, pale lami inapokwisha. Nyumba nyingi wakati ule zilikuwa hazijapigwa lipu, na nyingine zilikuwa misingi mitupu iliyoota nyasi. Mbele yetu palikuwa na uwanja mkubwa usio na kitu. Seremala alikuwa anapiga randa, maranda yanadondoka miguuni pake kama maganda ya vitunguu. Binti yake wa pekee alikuwa amechuchumaa pembeni, anasugua mguu wa kiti kwa msasa. Kazi hiyo aliianza tangu vidole vyake vilipoweza kushika ile karatasi yenye mchanga, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Msasa, na mama yake tukamwita Mama Msasa.

"Baba, shika hapa. Pamelainika kama shavu."

"Shavu la nani? Langu au lako?"

"Lako lina miba, Baba. Hilo tungelipiga randa kwanza."

Seremala akacheka mpaka akaegemea benchi. Nami nikacheka kule ng'ambo, sindano mdomoni. Nyumba ile ilikuwa na raha, ndugu zangu, raha ambayo mtu hainunui dukani.

Ndipo gari likaja likasimama katikati ya uwanja. Wakashuka watu wenye kamba na vigingi, wakaanza kupima ardhi. Watoto wakakimbilia huko. Mmoja akarudi anapiga kelele: "Shule! Wanajenga sekondari! Ya serikali!"

Randa ikasimama. Msasa naye akasimama, vumbi jeupe la mbao limemjaa kwenye nyusi. Lazima niwaambie maana ya neno lile kwetu. Watoto wetu waliomaliza shule ya msingi walikuwa wanakwenda sekondari za mjini, wanaondoka kungali giza na kurudi giza limeingia. Wavulana wengine walichoka. Wasichana wengi walikatazwa na wazazi wao, kwa hofu ya njia. Msasa alikuwa mwaka wake wa mwisho wa shule ya msingi, na alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wote.

Alivuka njia akaja barazani kwangu. "Mama mkubwa, umesikia? Nitasoma hapa hapa. Nikiwa darasani nitaisikia randa ya Baba."

"Inshallah, mwanangu, amina," nikamwambia, maana siku ile sala zote zilinitoka kwa pamoja bila kuchagua.

Shule ikainuka. Serikali ilileta saruji, mabati na walimu. Sisi tulitoa mikono. Tulisomba mchanga, tulisomba kokoto, wanaume wakachanganya zege na wanawake tukamwaga maji. Nilipokuwa nikiinua macho na kuona ukuta umepita kichwa changu, halafu umepita kimo cha mtu aliyesimama juu ya ngazi, nilikuwa nasimama na ndoo yangu kichwani nikiutazama. Siku mabati yalipopigwa, jua lilipotua juu yake mtaa wote uling'aa, hata vibanda vyetu vya kuku vilionekana vimepakwa fedha. Kikongwe mmoja aliweka ndoo yake chini akasema, "Kumbe hata sisi tunaonekana kutoka juu!" Hakuna aliyemcheka.

Mwalimu Mkuu alikuja kabla ya madirisha. Alikuwa mama mfupi, mwenye viatu vya mpira na sauti iliyofika mpaka nyuma. Kengele hakuwa nayo. Seremala alimpa vipande viwili vya mbao ngumu, akawa anavigonganisha, ta! ta! ta!, na watu wanakusanyika. Katika mkutano wa kwanza alituambia hivi:

"Wazazi, kuta zipo na walimu wapo. Madawati hayapo, na sijui yatafika lini. Sitaki mtoto aandikie magotini kama anayeficha barua. Kwa hiyo kila nyumba imletee mtoto wake dawati. Asiye nalo atangoja mpaka apate."

Watu wakaguna. Mbao tungeweza kuchangishana, lakini ufundi? Hapo seremala akasimama nyuma ya umati, penseli sikioni.

"Mbao leteni ninyi. Mikono ninayo mimi. Mtoto wa jirani ni mtoto wangu!"

Lo, makofi! Watu walipiga makofi na vigelegele mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye paa jipya. Na mimi nilipiga, kwa nini nisipige? Jambo lilikuwa jema. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, nikauona uso wake. Makofi yale yalimwingia kama maji yanavyoingia kwenye udongo uliokauka. Tangu siku ile akaitwa Baba Madawati, na jina lile likawa tamu masikioni mwake kuliko jina la Baba Msasa.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Kutenda wema si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtu anapoanza kuutafuta wema mahali penye watu wa kuutazama tu.

Sasa sikilizeni namna yake ya kazi, maana ndiyo iliyokuja kumhukumu. Seremala huyu hakutengeneza madawati ya kulingana. Alikuwa anasema, "Dawati ni kama kiatu. Likikubana, akili haitembei." Kila mtoto aliyeletwa alimkalisha juu ya kreti, nyayo zikanyage chini sawasawa. Akampima kwa futi kutoka kisigino mpaka goti, kutoka nyonga mpaka goti, kutoka kiti mpaka kiwiko. Kisha akakata mbao kwa mtoto yule na si mwingine. Mtoto akilijaribu dawati lake, unamwona anashusha mabega kama aliyefika nyumbani.

Baba anakata na kuunga. Binti anapiga msasa. Alisugua kila dawati la shule ile, juu, pembeni na kwa chini, hata pale mkono wa mtu haufiki. Nilimuuliza, "Mwanangu, huko chini nani ataona?" Akasema, "Hapaonekani, mama mkubwa, lakini soksi zitanasa."

Dawati lake mwenyewe lilipimwa pia, mapema kabisa. Alikaa kwenye kreti akicheka kwa sababu futi ilimtekenya, na baba yake akamwambia, "Tulia wewe, au nitakukata mguu badala ya mbao!" Likatengenezwa, likapigwa vanishi, likawekwa kwenye kona ya karakana. Akanijia nimshonee sare. Nikamwachia pindo pana chini ya sketi, kama tufanyavyo kwa mtoto anayekua.

Siku ya kufungua shule sitaisahau mpaka nifukiwe. Kila mtoto alitoka kwao amebeba dawati lake kichwani, baba nyuma, mama nyuma, wadogo zake nyuma. Vichochoro vyote vilimwaga madawati kwenye njia kubwa. Nilisimama barazani nikaona kama msitu uliokatwa umeamka, umeota miguu ya watoto, nao unakwenda shule. Machozi yalinitoka. Nikasema, Ewe Mola, mimi niliyeishia kujua kusoma tu, umeniweka hai nione haya.

Msasa alikuwa miongoni mwao. Sketi imenyooka, dawati kichwani, shingo kama mnara.

Langoni ndipo jambo lilipotokea. Mwenyekiti wa mtaa alifika na mpwa wake, kijana aliyehamia kwake juzi tu, mikono mitupu. "Baba Madawati," akasema kwa sauti ya mkutano, "huyu naye utamwachaje? Au mikono imechoka?"

Watu wakageuka. Nilimwona seremala akitazama huku na huku, akihesabu macho. Kisha akanyoosha mikono, akalitoa dawati juu ya kichwa cha binti yake.

"Chukua, kijana! Nimesema mtoto wa jirani ni mtoto wangu. Huyu wangu nitamtengenezea jingine wiki ijayo."

Makofi tena. Vigelegele tena. Na katika makofi yale nilimwona Msasa naye anapiga, ndugu zangu. Anapiga makofi, huku ile kata ya nguo aliyolitegea dawati imebaki kichwani peke yake. Kisha akageuka, akarudi nyumbani akapishana na watoto wote wanaokwenda.

Wiki ijayo ilikuja na kabati za vitabu. Iliyofuata ikaja na meza ya Mwalimu Mkuu, maana Baba Madawati aliahidi mwenyewe bila kuombwa. Akaja padri akitaka mabenchi, akaja shehe akitaka rafu za viatu, wote wakaondoka wakimwombea baraka. Nyumbani Mama Msasa, ambaye huuza mboga sokoni na ulimi wake hauna kutu, hakunyamaza.

"Baba Msasa, dawati la mtoto liko wapi?"

"Mke wangu, mtu wa watu hana lake."

"Basi hao watu ndio waje wakupikie leo."

Na kweli siku ile sufuria haikupanda jikoni. Baba Madawati alikula mkate mkavu karakanani, akiwasimulia wateja kwamba mkewe ana homa.

Mwaka ukageuka. Kabla ya shule kufunguliwa Msasa alikuja kwangu na sare yake, imekunjwa, haina hata doa. "Mama mkubwa, nishushie pindo kidogo. Mwaka huu nakwenda." Nikashusha. Hakwenda. Serikali ilileta vyombo vya maabara, na shule ikataka meza ndefu za maabara. Nani wa kuzitengeneza kama si Baba Madawati, na nani wa kuzisugua kama si Msasa?

Mwaka mwingine ukageuka. Akaja tena na sketi. Pindo lilikuwa limekwisha. Nikaunga ukanda wa kitambaa kwa ndani, na wakati nampima nikasikia kifua chake kinatoa mlio, kama mlango wenye bawaba kavu.

"Unakohoa tangu lini?"

"Ni vumbi tu la mbao, mama mkubwa. Nikilala linatulia."

Nilivuka njia nikamkabili baba yake. "Kaka, mtoto anakua. Na kifua chake sikipendi."

"Dada, wewe shona. Karakana nayo ni shule. Mtoto wa seremala hapotei."

Mganga hajigangi, walisema wa zamani. Lakini huyu alikuwa na dawa mkononi na mgonjwa miguuni, akawa anatazama dirishani kama kuna anayepita.

Huku nyuma, shule ilikuwa inatushangaza kila kukicha. Maua yaliyopandwa na watoto yalitambaa mpaka ukutani. Wale watoto waliokuwa wakigombana kwa ngumi wakaanza kugombana kwa hoja. Jioni moja, shule ikiwa katika mwaka wake wa nne, wazazi tuliitwa kuiona maabara. Tulipanga mistari, tumevaa nguo za ibada. Binti wa muuza mkaa, niliyemjua tangu anatambaa, alisimama mbele yetu katika koti jeupe, akachukua maji ya zambarau kwenye chupa, akayadondoshea matone kutoka chupa nyingine. Yakawa meupe pee, kama maji ya mvua. Muuza mkaa alishika kofia yake kwa mikono miwili. Mimi nilisema moyoni, Mungu ameficha mambo makubwa katika vitu vidogo, na anawapa watoto ufunguo.

Nilipogeuza kichwa nikamwona Msasa. Alikuwa nje, dirishani, ameegemeza kidevu kwenye mikono. Alikuwa ameleta kitambaa cha kufutia meza alizozisugua. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na ya yule binti. Alikuwa anayajua maneno yote.

Siku chache baadaye Mwalimu Mkuu alipita karakanani kuagiza ubao mpya. Nilikuwa barazani, njia ni nyembamba, na sauti yake mnaijua.

"Fundi, binti huyu mbona namkuta hapa kila nikija? Yuko shule gani?"

Mkono wa Msasa uliacha kusugua. Nami nikaacha kukanyaga cherehani.

"Ah, Mwalimu," Baba Madawati akasema, akicheka kidogo, "huyu hapendi shule. Mikono yake imependa kazi. Mtoto utamlazimisha?"

Kisha nikausikia msasa ukianza tena juu ya mbao, taratibu, shhh, shhh. Binti alimfichia baba yake aibu mbele ya mgeni, kama alivyolelewa.

Nilimfuata Mama Msasa sokoni siku ile ile. Hakuwa na haja ya maelezo marefu. Aliacha mboga zake kwa jirani, akafunga kanga kiunoni, tukaenda wawili mpaka kwa Mwalimu Mkuu. Alitusikiliza amesimama. Alipoketi, aliketi mbele ya ile meza aliyotengenezewa, akaipapasa kwa kiganja muda mrefu.

"Hii kaisugua yeye?"

"Yeye," mama yake akasema. "Na vya mbao vyote vya shule yako hii."

"Mwaka ujao ndio wa mwisho umri wake kukubalika kidato cha kwanza. Baada ya hapo sheria haimruhusu, hata nikilia. Madawati ya serikali sasa yapo. Aje siku ya kwanza, aje mikono mitupu."

Tulirudi tukimshukuru Mungu njia nzima. Tulidhani vita vimekwisha. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Baba Madawati aliposikia kwamba habari imefika shuleni alishika kichwa. Halafu akainuka, macho yanang'aa.

"Binti yangu akalie dawati la kiwandani? Mimi? Hapana! Nitamtengenezea la kwake, ambalo halijaonekana katika mji huu. Nitalitoa siku ile ya kuwaaga wahitimu wa kwanza, wakati wananivisha shada. Watu wote waone!"

"Mpime basi," mkewe akamwambia.

"Nimpime nini? Vipimo vya mwanangu viko kichwani. Nitasahauje?"

Akaning'iniza turubai kwenye kona ya karakana, akafanya kazi nyuma yake. Msasa alikatazwa kuchungulia. Alikuwa na furaha, jamani! Alileta sare, na safari hii nilimwambia ukweli: haiungiki tena. Nikampima upya mabega, kiuno, urefu. Alikuwa amenipita kichwa. Nikamshonea mpya, naye akawa anakohoa na kucheka, anakohoa na kucheka.

Siku ikafika. Uwanja wote ulijaa. Wahitimu wa kwanza walipita mbele yetu wawili wawili, wale wale waliobeba madawati vichwani wakiwa wadogo. Sasa wavulana wana sauti nzito, wasichana wana mwendo wa watu wazima. Palikuwa na mmoja aliyekuwa anakwenda kusomea uuguzi, mwingine ualimu. Niliwatazama nikaona kwamba shule si kuta wala mabati. Shule ni muda, umepita ndani ya watoto na kuwafanya watu. Mwenyekiti wa mtaa akamvisha Baba Madawati shada. Makofi yakawa kama mvua juu ya bati.

Baba Madawati akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Nimewatengenezea wote. Leo ni zamu ya kwangu. Binti yangu, njoo!"

Akavuta turubai lililofunika dawati pale mbele.

Nimeshona nguo za maharusi na za maaskofu, sijaona kitu kizuri namna ile. Mbao ngumu nyekundu, zimepigwa vanishi mpaka anga linaonekana juu yake. Pembeni alichonga majani na ndege wadogo. Watu walisema "Aaa!" kwa sauti moja.

Msasa akaja katika sare mpya. Akalipapasa dawati kwa ncha za vidole, kwa namna yake ile, mpaka kwa chini. Kisha akajaribu kuketi.

Magoti hayakuingia.

Akageuka upande, akajaribu tena. Magoti yakagonga ubao, ndu! Kiti kilikuwa cha chini mno, na viwiko vyake vilining'inia hewani. Alikuwa kama mtu mzima aliyekalia kigoda cha mwanawe. Mtoto mmoja kule mbele akacheka, akazabwa kofi na mama yake. Nilisikia bendera ikipigapiga mlingoti.

Baba Madawati alisimama na shada shingoni. "Lakini… nilimpima," akasema. "Nilimpima mwenyewe. Alicheka. Futi ilimtekenya."

"Lini?" Mama Msasa akauliza. Hakupaza sauti. "Baba Msasa, mwanao ulimpima lini?"

Yule aliyejua magoti ya watoto wa mtaa mzima alisimama akimtazama binti yake kutoka nyayo mpaka utosini, polepole, kama mtu anayemwona mgeni mlangoni na kugundua ni ndugu. Nadhani ndio kwanza alikuwa anamwona.

Msasa akainuka taratibu, asilikwaruze dawati.

"Ni zuri sana, Baba," akasema. "Lakini ni la mtoto. Na mimi nilikuwa nimekungoja."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi. Hilo ndilo lililonipiga kifuani.

Baba Madawati akalivua shada, akaliweka juu ya dawati. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akatoa futi mfukoni, akaiweka kwenye kisigino cha binti yake. Futi ilianguka mara mbili. Msasa akainama akamshikia ncha. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Mkuu akawaashiria watu watawanyike, nasi tukaondoka kimya kimya, kama watu wanaotoka kwenye nyumba ya ibada.

Zikafuata siku chache kabla ya mwaka wa masomo. Wateja walikuja karakanani wakakuta mlango umefungwa nusu. "Leo sina kazi ya mtu," akawajibu. Alitengeneza dawati la mbao za kawaida, lisilo na ndege wala jani. Na kusugua alisugua yeye. Msasa aliletwa barazani kwangu, akakaa karibu na cherehani mikono yake mapajani, haina la kufanya, na kutoka ng'ambo tukausikia msasa ukienda shhh, shhh, ukisimama, ukianza tena. Baba yake alikuwa amesahau kazi ile inavyoumiza. Niliviona vidole vyake baadaye, vimechubuka.

Siku ya kwanza ya shule alilibeba mwenyewe kichwani. Mtu wa makamo, amevaa shati lake la ibada, jasho linamtiririka, na binti yake anatembea mbele yake mikono mitupu na daftari moja. Mama Msasa alifuata nyuma. Njia yote ile watu walitoka milangoni wakatazama, na hakuna aliyepiga kigelegele. Naye hakugeuza shingo kuwatafuta. Langoni Mwalimu Mkuu aligonga vile vipande viwili vya mbao, ingawa kengele ya umeme alikuwa nayo siku nyingi. Ta! Ta! Ta! Msasa akaingia.

Alikuwa mkubwa kuliko darasa zima, wakamwita Shangazi, naye akaitika. Alisoma, akafaulu. Lakini yote hayakurudi. Daktari alisema vumbi limeacha alama kifuani, na mpaka leo akipanda ngazi lazima apumzike katikati. Rafiki zake wa utotoni walikuwa wameshaondoka na miaka ambayo ilikuwa yake. Siku wenzake wanakimbia mashindano yeye alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, akiwashikia viatu.

Lile dawati zuri liko karakanani. Yeyote akija kumsifu Baba Msasa — ndiyo, hilo ndilo jina analotaka kuitwa sasa — humwonyesha dawati lile, kisha humuuliza, "Wako nyumbani hawajambo?"

FUNZO

Wapendwa, msije mkasema nimewakataza kuwatumikia watu. Shule ile imejengwa na mikono ya wengi, na mikono ya seremala imo ndani yake. Mungu hatamnyima malipo yake. Lakini sifa ni kama vumbi la mbao. Huingia ndani polepole, haliumi, na wanaolikohoa mara nyingi ni wale tunaolala nao nyumba moja.

Wazazi, neno "kesho" tunalolitoa kwa wana wetu si bure. Mtoto hulipokea, hulikunja vizuri, hungoja, na wakati anangoja anakua. Hawezi kusimamisha magoti yake mpaka wewe umalize na wageni. Na mtoto mwenye adabu ndiye wa kuchungwa zaidi, maana hatapiga kelele. Atapiga makofi pamoja na wengine, na wewe utadhani ameridhika.

Basi, kabla hujavuka njia leo kwenda kumfaa jirani, mwite wako. Msimamishe mlangoni, umtazame kuanzia nyayo mpaka utosini. Usitegemee vipimo vya zamani.